Mteja Asijue Bei Mpya kwa Pesa Yake Kukataliwa

Hotuba kwa wamiliki wa biashara zinazotoza kwa mwezi, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, viongozi mlioko meza kuu, ndugu zangu wafanyabiashara, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mnalo mkononi hivi sasa: bei lazima ipande, na hamjui mtamwambiaje mteja. Humu ndani nawaona wenye intaneti za mtaani, wenye gym, wenye mabasi ya wanafunzi, wakusanya taka, wanaouza programu za kuendeshea maduka na famasi, na wenye kampuni za ulinzi. Shughuli ni tofauti, lakini mteja wetu ni yule yule. Analipa leo, na anatarajia mwezi ujao alipe kiasi kile kile bila kuuliza mtu. Hasomi bei kila mara kama anavyofanya sokoni. Ametuamini, akaacha kuangalia.

Sitabishana na mtu kama bei ipande au isipande. Hilo kila mmoja analimaliza na hesabu zake. Wengine mlinunua dizeli ya jenereta kwa miezi wakati wa mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Wenye intaneti mnanunua mtandao wa jumla kwa mikataba ya dola, na dola iliyokuwa karibu Sh 2,300 mwaka 2022 ilivuka Sh 2,600 katikati ya 2024. Mwenye biashara anayekataa kupandisha bei hadi anashindwa kulipa mafundi hajamsaidia mteja. Siku akifunga, mteja amebaki bila huduma kabisa. Ninachotaka tukubaliane leo ni kimoja tu: mteja wetu asijue bei mpya kwa pesa yake kukataliwa.

Nasema hivyo kwa sababu ya namna watu wetu wanavyolipa. Marekani na Ulaya mteja anaandikisha kadi yake ya benki mara moja, na kila mwezi kampuni inakata yenyewe. Bei ikipanda, huduma inaendelea. Anakuja kushtuka baadaye akisoma taarifa ya benki. Kwetu sisi walio wengi wanalipa kwa simu, kwa mkono wao wenyewe, kila mwezi. Wameshakariri namba ya kampuni, wamekariri kumbukumbu namba, wamekariri na kiasi. Mfumo ukikuta kiasi kimepungua, haufungui. Kwa hiyo tangazo la bei mpya linalomfikia mteja kwa uhakika ni lile la pesa yake kutoka na huduma kutofunguka. Kama hatujamfikia kabla ya hapo, hilo ndilo tangazo letu, tupende tusipende.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya huduma kwa wateja kabla ya kuanza shughuli zangu, na simu ya namna hii nimeipokea mara nyingi mno. Ni saa mbili usiku, mama ametoka kazini, watoto wana kazi ya shule inayotaka intaneti.

"Shikamoo mama, karibu huduma kwa wateja."

"Marahaba mwanangu. Nimelipa tangu saa moja, mbona haijafunguka?"

"Naona umelipa elfu hamsini na tano, mama. Kwa sasa ni elfu sitini."

"Tangu lini?"

"Tangu jana, mama. Tulituma meseji."

"Meseji gani? Mimi sikuiona."

Hapo kwenye "tangu lini" ndipo mteja anapotutoka. Elfu tano mara nyingi anayo, na angetoa. Kinachomuuma ni kwamba amejiona ameviziwa. Pesa yake ya mwezi mzima ameshaituma, imekaa kwetu, na sisi tumefunga mlango tukisubiri aongeze. Yule kijana anayeongea naye hana la kumpa zaidi ya kurudia kwamba meseji ilitumwa. Na kesho yake mama huyo anawasimulia wenzake ofisini, na kwenye simulizi yake bei imetajwa kidogo sana, anasimulia alivyotendewa.

Sasa nawaomba tuangalie mfano wa mbali kidogo, kwa sababu umeandikwa vizuri na mwenye kampuni mwenyewe aliuzungumzia hadharani. Mwaka 2011 Netflix ilikuwa na huduma mbili Marekani: ilituma DVD kwa posta, na ilionyesha filamu kwa intaneti. Kwa Dola 9.99 kwa mwezi mteja alipata vyote viwili, filamu za intaneti bila kikomo na DVD moja moja. Julai 12 mwaka huo wakatangaza kuzitenganisha huduma hizo, kila moja Dola 7.99. Aliyetaka kubaki na vyote alipaswa kulipa Dola 15.98, yaani ongezeko la asilimia 60. Kati ya Julai na Septemba kampuni ikapoteza wateja takriban 800,000 Marekani peke yake.

Na msidhani hawakutoa muda. Wateja waliokuwepo walipewa hadi Septemba, wiki saba hivi. Kwa hiyo anayewaambia kwamba kutangaza mapema kunatosha hajawaambia yote. Tangazo lenyewe lilisifia mipango mipya kuwa ni nafuu na ni uhuru wa kuchagua, wakati mteja aliyekuwa na vyote viwili anahesabu asilimia 60 zake. Alipewa habari mbaya iliyovikwa nguo za sikukuu.

Septemba 18, mkuu wa kampuni, Reed Hastings, akawaandikia wateja. Alikiri kwamba wengi waliona wamekosewa heshima kwa jinsi mabadiliko yalivyotangazwa, na kwamba alipaswa yeye mwenyewe kuwapa maelezo kamili ya sababu. Kisha akasema jambo ambalo mimi naliheshimu sana: maelezo hayo yasingebadilisha bei, lakini kuyatoa ndiko kulikuwa haki. Bei ilibaki pale pale. Alichoomba radhi ni namna ya kusema.

Bahati mbaya, katika barua hiyo hiyo akaingiza habari nyingine mpya, kwamba DVD zinahamishiwa kwenye huduma tofauti yenye jina la Qwikster. Watu waliokuwa wanatafuta kuelewa bei wakapewa tena kitendawili cha pili. Oktoba 10 mpango wa Qwikster ukafutwa. Ndugu zangu, siku ya kutangaza bei ni siku ya kutangaza bei. Usichanganye na jina jipya, nembo mpya, programu mpya ya simu, wala kuhamia ofisi nyingine.

Walipopandisha tena Mei 2014 ilikuwa Dola 1, kwa wateja wapya. Waliokuwepo waliachwa na Dola 7.99 kwa miaka miwili. Hilo nitalirudia.

Hapa nyumbani sote tunakumbuka vifurushi vya simu, Aprili 2, 2021. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Kulikuwa na utaratibu mpya wa vifurushi, na lengo lake lilikuwa kujibu malalamiko ya wateja ya muda mrefu. Lakini mwananchi wa kawaida alijua vipi? Aliingia kwenye menyu kama siku zote, akakuta pesa ile ile inanunua MB chache kuliko za jana. Kelele zilizozuka mitandaoni siku hiyo mnazikumbuka, na haikuchukua muda Serikali ikasitisha mabadiliko hayo na bei za awali zikarudi. Sisi wengine humu hatuna Serikali ya kuturudishia bei za awali. Kwetu mteja anaacha kulipa, basi.

Na hapo nitoe angalizo kwa wanaofikiri wamepata njia ya mkato. Kuacha bei ilivyo ukapunguza kasi ya intaneti, ukaondoa safari ya basi ya Jumamosi, ukapunguza saa za gym, ukaleta mlinzi mmoja badala ya wawili, hiyo nayo ni bei iliyopanda. Tofauti ni kwamba hukuitangaza. Mteja akigundua, na atagundua, atajiuliza ni nini kingine umekipunguza ambacho hajakiona. Kama lazima upunguze, sema unapunguza.

Sasa tuje kwenye ujumbe wenyewe, maana hapa ndipo wengi mnaniomba msaada. Meseji tunazozipokea sote zinafanana hivi:

"Mpendwa mteja, katika jitihada za kuendelea kuboresha huduma zetu, tunapenda kukutaarifu kuwa kutakuwa na maboresho ya vifurushi kuanzia tarehe 1. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Asante kwa kuendelea kutuamini."

Someni tena. Bei ya zamani haipo. Bei mpya haipo. Sababu haipo. Mteja hajui afanye nini. Ameombwa radhi kwa usumbufu ambao hajaambiwa ni upi. Bei imepanda, na aliyeandika ameona aibu kuandika kwamba imepanda. Mteja akikutana na sentensi ya namna hii anajua kuna kitu kimefichwa, hata kabla hajajua ni nini.

Mimi ningeandika hivi, kwa mfano wa intaneti ya nyumbani:

"Ndugu mteja, kuanzia Oktoba 1 malipo ya intaneti yatapanda kutoka Sh 55,000 hadi 60,000 kwa mwezi. Ukilipa kabla ya hapo utalipa Sh 55,000. Maswali:" halafu namba yenu ya simu.

Hakuna zaidi. Bei mbili ziko pamoja, tarehe ipo, mteja anajua afanye nini akitaka kuokoa elfu tano yake, na kuna mtu wa kumuuliza. Na ukiihesabu pamoja na namba ya simu yenye tarakimu kumi, nafasi na nukta zote, haizidi herufi 160, kwa hiyo inaenea kwenye meseji moja. Hilo la herufi lina maana kuliko mnavyodhani. Wateja wetu wengi bado wana simu za kitochi, na meseji ndefu ikikatwa vipande, kipande chenye bei kinaweza kusomwa na chenye tarehe kisisomwe.

Kuna mtego mmoja hapo ambao umewagharimu watu pesa. Mnaandika meseji kwenye Word, mnainakili, mnaibandika kwenye mfumo wa kutuma meseji nyingi. Neno kama king'amuzi lina ritifaa, kile kialama cha juu. Word inakigeuza kuwa kilichopinda, na kialama kilichopinda hakimo kwenye orodha ya kawaida ya herufi za meseji. Basi ujumbe wote unabadilishwa mfumo, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe uliokuwa mmoja unakatwa vipande vitatu, na unalipia vitatu kwa kila mteja. Kikatuni kimoja cha tabasamu kinafanya vivyo hivyo. Andikeni ritifaa iliyonyooka, au tafuteni neno jingine, na jitumieni wenyewe kwanza kwenye simu ndogo muione inavyofika.

Sababu zinakwenda kwenye ujumbe wa pili, siku hiyo hiyo au kesho yake: kwenye WhatsApp, kwenye barua anayopewa mzazi na kondakta wa basi, kwenye karatasi iliyobandikwa mapokezi ya gym, au kwa mdomo kwenye mkutano wa mtaa kama nyie wa taka. Na sababu iwe ya kweli, iwe ya kwenu. "Kupanda kwa gharama za uendeshaji" si sababu. Kila mtu anaisema, hata asiyepandishiwa chochote. Sema: mkataba wetu wa mtandao wa jumla umepanda, au tumeongeza mshahara wa madereva, au tumenunua betri ili umeme ukikatika msikatikiwe. Amazon, lile duka kubwa la mtandaoni, ilipopandisha ada ya uanachama wake wa Prime kule Marekani mwaka 2022, kutoka Dola 119 hadi 139 kwa mwaka, ilitaja mishahara na usafirishaji, vitu ambavyo mteja anaviona kwa macho yake mlangoni. Sababu moja au mbili zinatosha. Ukitaja saba, mteja anaona unatafuta ya kushikilia.

Na kama sababu ni kwamba ulianza kwa bei ya chini mno ili kupata wateja, na sasa haikulipi, sema hivyo. Watanzania ni wafanyabiashara, hata ambao hawana duka. Mtu anauza vitumbua, anafuga kuku, ana bodaboda amempa kijana. Hesabu ya biashara anaielewa vizuri sana akielezwa kama mtu mzima.

Kuhusu dola, neno moja. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza na kutoza kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa nchini. Kwa hiyo ule mtindo wa kuandika bei kwa dola ili ipande yenyewe bila wewe kusema chochote umekwisha. Mimi nimeufurahia. Unakulazimisha ukae chini uandike shilingi, na umweleze mtu.

Sasa, meseji imetumwa. Je, imesomwa? Mteja wetu anapokea meseji za promosheni kuanzia asubuhi hadi usiku. Ya kwako inazama humo. Lakini kuna meseji moja ambayo kila mtu anaisoma hadi mwisho: ile ya kuthibitisha malipo. Pesa yake imetoka, anataka kujua imefika. Hapo ndipo pa kuweka bei mpya. "Malipo yako ya Sh 55,000 yamepokelewa. Kumbuka kuanzia Oktoba 1 ni Sh 60,000." Mwambieni mtu wenu wa mfumo aongeze mstari huo, ni kazi ndogo.

Ukilifuata hilo utaona pia muda wa taarifa uwe kiasi gani. Watu wanabishana siku 14 au siku 30. Mimi nahesabu kwa malipo. Kila mteja apate angalau risiti mbili zenye bei mpya kabla ya siku yenyewe. Anayelipa tarehe 5 na anayelipa tarehe 28 wote watakuwa wameiona wakiwa wametulia, pesa yao imepokelewa, huduma yao inafanya kazi. Kwa malipo ya mwezi hiyo ni takriban miezi miwili. Anayeona miezi miwili ni mingi afanye hesabu ya kumpata mteja mpya: fundi, nguzo, waya, kamisheni ya wakala.

Bado watakuwepo ambao hawakuiona. Alibadilisha laini, alisafiri, analipa mtoto wake aliye Muscat au Minneapolis, ambaye hizo meseji hazimfikii kabisa. Huyu atatuma Sh 55,000 Oktoba 3. Msimkatalie. Ingizeni malipo yake kwa uwiano: 55,000 kwa 60,000 katika siku 30 ni siku 27 na nusu. Mfungulieni siku 27 hapo hapo, kisha meseji iende: umefunguliwa siku 27, bei sasa ni Sh 60,000, ukiongeza Sh 5,000 utamaliza mwezi. Fanyeni hivyo mwezi wa kwanza, ikiwezekana na wa pili. Mama yule wa saa mbili usiku angepata intaneti yake, watoto wangefanya kazi yao, na habari ya bei angeipata akiwa amehudumiwa. Kati ya yote ninayosema leo, hili ndilo ningependa mkalifanye hata kama mengine yatawashinda. Ongeeni na mafundi wenu wa mfumo wiki hii. Kama mfumo hauwezi, wekeni kijana mmoja wa kufungua kwa mkono siku tano za kwanza.

Wateja wa zamani. Nilisema nitarudi kwao. Kuwaacha na bei ya zamani kwa muda ni heshima nzuri, na inanyamazisha maneno mengi. Lakini wawekeeni tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza, na iandikwe. Ukiwaambia "ninyi bei yenu haitapanda" bila tarehe, umewapa ahadi ya maisha, na siku ukiivunja kelele zitakuwa mara mbili. Na msifanye hivyo kama hamwezi kuimudu. Gym yenye wanachama wachache, karibu wote wa zamani, ikiwaacha wote na bei ya zamani haijapandisha kitu.

Kuna tabia moja ambayo naichukia, nitaisema wazi. Mteja anapiga simu anafoka, anatishia kuhama, meneja anampa punguzo kimya kimya. Yule mzee mstaafu aliyelipa bei mpya siku ya kwanza, bila neno, hapewi. Miezi mitatu baadaye wanakutana msikitini au kanisani, wanaulizana. Tumemwadhibu mtu kwa ustaarabu wake. Kama punguzo lipo, liwe na masharti yanayojulikana: anayelipa miezi sita kwa mkupuo, familia yenye watoto watatu kwenye basi, mstaafu. Na muwe na kifurushi cha chini, cha kweli, ambacho anayeshindwa bei mpya anaweza kushukia bila kujisikia amefukuzwa.

Msitangaze Januari. Kila mzazi mnayemtoza anatafuta ada, sare na madaftari. Msitangaze wiki ambayo huduma yenu imeyumba. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ikatusumbua Tanzania na majirani zetu, kosa halikuwa la mtoa huduma wa mtaani. Lakini mteja aliyekaa siku nzima akisubiri ukurasa ufunguke hana moyo wa kusoma barua yako ya bei, hata iwe nzuri namna gani. Subirini huduma itulie, mwezi mzima ikibidi.

Mnaweza pia kujifunza kwa mafuta. Bei kikomo ya EWURA, mamlaka yetu inayodhibiti bei za mafuta, inatoka Jumatano ya kwanza ya mwezi; kwa wenzetu Kenya, mamlaka yao, EPRA, inatangaza tarehe 14. Watu wanalalamika, tena sana, lakini hakuna anayesema hakujua siku. Chagueni mwezi mmoja wa mwaka ambao bei zenu hupitiwa upya. Julai inafaa, mwaka wa fedha unaanza, kodi mpya zimejulikana. Mwandikieni mteja siku anayojiunga: bei hupitiwa kila Julai, huenda ikapanda, huenda ikabaki. Ikibaki, mtumieni meseji kwamba mwaka huu haijapanda. Wachache sana wanakumbuka kutuma hiyo.

Kabla ya mteja yeyote kupata taarifa, wafanyakazi wenu waipate. Nao ni pamoja na fundi anayepanda darini, kondakta, dada wa mapokezi, wakala wa pale kona. Fundi akiulizwa na mwenye nyumba "nasikia mnapandisha?" akajibu "hata mimi nimesikia", kazi yote ya barua imeharibika. Wakalisheni, waelezeni sababu, wacheni waulize maswali makali kuliko ya wateja, na wapeni mamlaka. Kijana anayepokea simu awe na uwezo wa kuongeza siku tatu bila kuomba ruhusa kwa mtu. Na wewe mwenye biashara, siku ya kwanza ya bei mpya, kaa pale pale kwenye simu. Pokea mwenyewe. Utajifunza ndani ya asubuhi moja mambo ambayo ripoti haitakuletea.

Sheria nazipitia haraka kwa kuwa mwanasheria atazungumza baada yangu. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mteja, na bei iliyofichwa kwenye maneno iko karibu sana na hapo. Wenye wateja Kenya, Katiba yao ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na huduma kikamilifu. Someni na mikataba yenu. Wengine mmeandika siku 30 za taarifa mkasahau.

La mwisho ni wanaoondoka. Kwetu mteja haandiki barua ya kujitoa. Anaacha kulipa, ruta inakaa juu ya kabati, na wewe unadhani amesafiri. Kwa hiyo kwenye maelezo yenu andikeni waziwazi jinsi ya kuacha: apige namba gani, ruta itachukuliwa lini, dhamana yake atarudishiwa kwa siku ngapi. Wengine mnaogopa kwamba ukimwonyesha mtu mlango atatoka. Anayetoka kwa amani hurudi akipata nafuu, na akiulizwa na jirani hawachafui. Baada ya wiki ya kwanza chukueni orodha ya ambao hawajalipa, muwapigie mmoja mmoja. Msiwabembeleze wala msiwadai. Ulizeni tu: ulipata taarifa ya bei? Ulielewa? Kuna kitu tumekukosea? Andikeni majibu. Wakiwa wengi waliosema hawakupata taarifa, basi tatizo lenu bado ni la kusema, na linatibika mwezi huu huu. Wakiwa wengi waliosema wamepata na hawawezi, hapo mrudi kwenye hesabu, mtazame kile kifurushi cha chini.

Nakala za ule ujumbe mfupi na hesabu ya siku 27 ziko kwenye meza ya pale mlangoni, chukueni mkazibadilishe kwa shughuli zenu. Mwenyekiti ameniambia tuna nusu saa ya maswali kabla ya mwanasheria. Namwona dada wa basi la shule ameinua mkono tangu mapema. Tuanze na yeye.